Walii Huombewa, Mungu Huombwa

Ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, kabla hujaufikia mji huo, utapita mahali paitwapo Burnt Forest. Ni mji mdogo wa kando ya barabara kuu, mji wa mahindi, viazi na maziwa, na baridi yake humfanya mtu wa pwani avae koti mchana kutwa. Katika nyumba moja ya Kiislamu ya hapo tulikuwa wageni hivi karibuni, na humo tukashuhudia ugomvi ambao twaona si wa nyumba moja tu. Ni ugomvi ulioko Mombasa na Malindi, Tanga na Unguja, na huenda umo hata katika nyumba yako wewe msomaji.

Mzee mwenye nyumba ni mtu wa Lamu, aliyepanda bara ujanani akifuata biashara ya nguo. Anaishi na watoto wawili wa marehemu nduguye, nao humwita Ami. Alikuwa amerudi karibuni kutoka kwao, alikokwenda kuhudhuria Maulidi ya Mfungo Sita, na kama ilivyo ada ya waendao huko, alikuwa amezuru kaburi la Habib Swaleh. Jioni hiyo alikuwa akitusimulia safari yake: matwari yalivyorindima, kasida zilivyosomwa, na umati ulivyotoka makaburini kwa zefe hadi Riyadha.

Mdogo wa wale vijana alikuwa pembeni na kompyuta yake, akicheza mchezo uitwao Skyrim. Mara akainua kichwa akauliza, "Ami, huyu Talos si kama Habib Swaleh?"

Kabla mzee hajajibu, kaka mtu akadakia. Huyu ni kijana wa chuo, aliyekwisha kusikiliza mawaidha mengi katika simu yake. "Si kama," alisema. "Ni yale yale. Wale wana sanamu, Ami ana kaburi." Na wakati wa magharibi ulipoingia, kijana huyo akakataa kusali nyuma ya ami yake.

Mzee hakusema neno. Alikuwa amekwisha kutandika msala, akabaki ameusimamia. Sisi wageni tulitazamana tu.

Tumelifikiri jambo hili tangu siku ile. Swali la mdogo lilikuwa swali la haki, wala hakuliuliza kwa ujeuri. Jibu la kaka lilikuwa jepesi mno kwa neno zito namna ile. Na kimya cha mzee nacho kilitusikitisha, maana yeye ndiye aliyekuwa na jibu, na alikuwa nalo kinywani mwake kila siku bila kulitambua.

Mungu wa tarakimu

Tuanze na huyo Talos. Mchezo wa Skyrim ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Ndani yake mna nchi ya kubuni, yenye theluji na majoka, na wenyeji wake wana miungu tisa. Minane husemwa kuwa ilikuwako tangu zamani za zamani. Wa tisa ndiye Talos, naye alikuwa mwanadamu: mpiganaji aliyeteka nchi akawa mfalme mkuu, na alipokufa watu wakasema amepaa akawa mungu. Madhabahu zake ziko mijini na njiani. Mchezaji akiigusa madhabahu, maradhi yake huondoka, na hupata nguvu fulani kwa muda wa saa nane za mchezo. Hapana udhu, hapana toba, wala haulizwi amekuja na moyo gani. Hata aliyetoka kuvunja nyumba ya jirani hugusa akapona.

Tena katika hadithi ya mchezo huo, mkataba uliomaliza vita kuu umepiga marufuku kuabudiwa kwa Talos, na watu wanakamatwa na kuuana kwa sababu hiyo. Basi kijana wa Burnt Forest ambaye husikia kila siku kaka yake akisema kwamba ami wao anaabudu mtu aliyekufa, atakosaje kufananisha?

Michezo ya namna hii ina babu yao. Ni mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu wakiucheza mezani kwa karatasi na dado. Mwaka 1980 kikatolewa kitabu cha mchezo huo kilichoorodhesha miungu ya mataifa mengi, ya Wayunani, ya Wamisri wa kale, ya Wahindi na wengineo. Na kila mungu akapewa hesabu ya nguvu zake kwa tarakimu, pamoja na kiasi cha mapigo awezayo kustahimili kabla hajafa.

Hebu tuyaangalie vizuri maneno hayo: kabla hajafa. Mungu wa mchezo ni mwenye nguvu nyingi, basi. Mchezaji ana kumi, jagina ana mia, mungu ana mia nne. Tofauti kati yao ni ya hesabu, kama tofauti ya mwenye duka dogo na mwenye duka kubwa. Kwa hiyo mtu hupanda kutoka daraja hii hadi ile, na aliyekuwa mfalme jana leo akawa mungu. Katika ulimwengu kama huo, walii akiingia hana mahali pa kukaa isipokuwa awe mungu mdogo, mwenye tarakimu ndogo.

Hatusemi haya kuulaumu mchezo. Mchezo ni mchezo, na wenyewe walioutunga hawakudai kufundisha dini. Lakini mtoto anayekaa humo saa tatu kila usiku hujifunza namna ya kufikiri, naye akija mezani anafikiri hivyo hivyo. Na jambo la kushangaza ni kwamba kaka yake, ambaye haugusi mchezo huo na huuona kuwa ni upuuzi, anafikiri kama yeye. Wote wawili wanatazama mikono tu. Huku wameona mkono unagusa jiwe la madhabahu, kule wameona mkono unagusa kaburi. Basi wamehukumu kuwa ni jambo moja.

Mkono na moyo

Kama mkono ungetosha kutuambia nani anaabudu nini, tungepata shida kubwa katika dini yetu yenyewe. Kila mwaka mamia ya maelfu ya mahujaji huzunguka Kaaba, na awezaye kulifikia Jiwe Jeusi hulibusu. Sayyidna Umar alilibusu, na papo hapo akatangaza mbele ya watu kwamba yeye ajua hilo ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kuwa amemwona Mtume akilibusu. Umar hakuacha kubusu. Alichofanya ni kuupa ulimi wake kazi ya kuulinda moyo wake na mioyo ya waliokuwa wakimtazama.

Tena tunasoma katika Qurani kwamba malaika walimsujudia Adam, na kwamba wazee na ndugu za Nabii Yusuf walimwangukia kwa kusujudu. Wafasiri wakatueleza kuwa sijida hizo zilikuwa za heshima, si za ibada. Na katika sharia yetu sisi hata hiyo ya heshima imefungwa, haisujudiwi nafsi yoyote ila Mwenyezi Mungu. Kwa nini ikafungwa? Kwa sababu Mwenyezi Mungu anawajua waja wake. Anajua kwamba jambo la nje likirudiwa na vizazi kumi, cha kumi husahau la ndani lilikuwa nini.

Ibada basi ni nini? Kwa lugha nyepesi, ni unyenyekevu wa mwisho kabisa mbele ya yule unayeitakidi kwamba uwezo ni wake mwenyewe, hakuupewa na yeyote, naye hana wa kumwuliza. Heshima ni jambo jingine. Tunamheshimu mzazi, mwalimu, mzee wa mtaa. Tunainuka wakiingia, tunawabusu mikono, tunawaomba watuombee dua. Hakuna mtoto wa pwani aliyembusu mkono bibi yake akadhani kwamba bibi ndiye aletaye mvua. Na mvua yenyewe ilipokosekana Madina, Sayyidna Umar alimtanguliza Abbas, ami yake Mtume, wakaomba kwa Mwenyezi Mungu. Aliyeombwa alikuwa Mungu, na Abbas alikuwa mja mwenye kupendwa aliyeomba pamoja nao.

Kwa hiyo kati ya walii na Mungu hakuna ngazi ya tarakimu ambayo mtu aweza kuipanda. Huku kuna mja, kule kuna Mola. Walii akizidi kutukuka, huzidi kuwa mja. Na hicho ndicho kilichomtukuza.

Anayehitaji dua

Sasa tufike kwenye jibu ambalo mzee wetu alikuwa nalo kinywani. Alipokuwa akisimulia safari yake, kila alipomtaja Habib Swaleh aliongeza maneno haya: Mwenyezi Mungu amrehemu. Tuliyasikia labda mara kumi. Na alipoeleza alichofanya kaburini, alisema amesoma Yasini, akasoma Fatiha, akaomba thawabu zake zimfikie Habib.

Tazama basi, msomaji. Je, umepata kusikia mahali popote watu wakimwombea mungu wao rehema? Katika ulimwengu wa Skyrim, nani anayesimama mbele ya sanamu ya Talos akasema, Talos asamehewe dhambi zake, Talos apanuliwe kaburi lake? Hakuna. Lingekuwa jambo la kuchekesha. Mungu haombewi. Mungu huombwa. Anayeombewa ni mhitaji, na mhitaji si mungu.

Hata bora wa viumbe, Mtume wetu, Swalla Allahu alayhi wa sallam, tumeamrishwa tumsalie. Na kumsalia maana yake ni kumwomba Mwenyezi Mungu amrehemu na amtukuze. Hatumalizi sala tano za kila siku bila dua hiyo. Mtu ambaye umma mzima unamwombea kwa Mola wake usiku na mchana, nani atasema umma huo umemfanya mungu? Na ikiwa Mtume yu hivyo, sembuse Habib Swaleh.

Tena hebu tuwatazame hao mawalii wetu walikuwa watu gani. Habib Swaleh, Sharifu wa ukoo wa Jamalilleil, alizaliwa Ngazija akaja Lamu katika ujana wake, akafa mwaka 1935. Anayokumbukwa kwayo si kuteka nchi wala kuvaa taji. Alikaa Langoni akawafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wa kufundishwa, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wao. Akawatia katika darasa na katika Maulidi pamoja na wengine. Wakubwa hao hawakufurahi. Riyadha ilisimama, na wanafunzi wake wakaenea pwani yote.

Na huko Bagamoyo yuko Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Huyo alichukuliwa Kongo akiwa mtoto, akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Akasoma, akawa sheikh, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria katika Tanganyika, na watoto wa waungwana wakaja kukaa mbele yake na vitabu vyao. Walifanya hivyo kwa sababu mtu huyu, aliyekuwa mtumwa wa watu, alijua kuwa mja wa Mungu kuliko wao. Talos akapewa uungu kwa kuwa alishinda watu. Hawa wakapewa heshima kwa kuwa walijishinda nafsi zao.

Jirani zetu wa Burnt Forest nao wanalijua swali hili. Asubuhi yake alikuja mama mmoja Mkatoliki kuleta maziwa, akatukuta tukilizungumza, akacheka. Yeye huenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni ya Mashahidi wa Uganda, ambao 22 kati yao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964. Akasema Wakristo wa makanisa mengine humwuliza kila mwaka kwa nini anaabudu wafu. "Mimi huwaambia watuombee," alisema, "siwaambii watupe." Kanisa lake lilipambanua mambo hayo zamani sana, katika mkutano wa Nikea wa mwaka 787, likasema kuabudu ni kwa Mungu peke yake na heshima ya watakatifu ni kitu kingine. Sisi Waislamu hatukubaliani nao katika mengi, na kubwa zaidi ni habari ya Nabii Isa. Lakini katika hili yule mama aliweza kusema mpaka wake uko wapi, kwa maneno mawili, akiwa ameshika mtungi wa maziwa.

Na Wanandi wa jirani humkumbuka Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeuawa na Waingereza Oktoba 1905. Wamemjengea makumbusho Nandi Hills, wanasimulia habari zake kwa unyenyekevu mkubwa. Lakini wazee wao walipoamka alfajiri kuomba walielekea mashariki wakamtaja Asis, wala hawakumtaja yeye. Heshima kwa aliyekufa haikuwachanganya.

Haki ya wenye kuonya

Haya yote hayana maana kwamba wanaoonya hawana haki. Wanayo, tena kubwa, na haitakuwa insafu kuificha.

Katika sura ya Nuh yametajwa majina matano: Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas alieleza, kama ilivyopokewa na Bukhari, kwamba hao walikuwa watu wema. Walipokufa, watu wao wakawawekea sanamu za ukumbusho katika mabaraza yao. Wala hazikuabudiwa. Lakini kizazi kile kilipokwisha na elimu ikasahauliwa, wakaja watu wakaziabudu. Basi njia ya kutoka kwa walii hadi kwa sanamu ipo. Imekwisha kupitwa na watu. Na alama ya kuipita si kujenga wala kuzuru. Ni kupotea kwa elimu huku desturi ikibaki.

Na sisi wa pwani tusijifanye hatuoni. Mnara wa Mbaraki, pale Mombasa, watu wamekuwa wakienda kufukiza ubani na kunyunyiza marashi kwa ajili ya jini anayesemwa kukaa humo, na haja zao wanamweleza yeye. Yako na makaburi ambako mwanamke aliyekosa mtoto, kwa uchungu wake, humwambia aliyelala chini, "Nipe." Hakusema "niombee", wala hakusema "Ewe Mola, kwa baraka za mja wako huyu, nipe." Neno moja limebadilika, na pamoja nalo kila kitu kimebadilika. Anaweza kusema kwamba nia yake ni njema. Lakini Qurani, katika sura ya Zumar, imewakataa wale waliosema kwamba hawakuiabudu miungu yao ila ili iwakurubishe kwa Mwenyezi Mungu. Nia haikuwaokoa, kwa sababu walikwisha kuwapa wengine ibada yenyewe.

Ndiyo maana wanavyuoni wakubwa wa mwambao huu hawakunyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka 1937 hata kufa kwake 1947, alianza mapema miaka ya 1930 kuandika katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, akiwakemea watu kwa Kiswahili chepesi juu ya uzushi na ujinga. Mwanafunzi wake na mrithi wa kazi yake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyefasiri Qurani nzima kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1969, alikuwa mkali zaidi juu ya bidaa. Wengi walimkasirikia.

Lakini tazama alichofanya Sheikh huyo huyo. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, akawataja mmoja mmoja, nasaba zao, walimu wao, wanafunzi wao na wema wao. Wakiwamo masharifu na watu wa tarika ambao hakuafikiana na baadhi ya desturi zao. Kama si kalamu yake, mengi ya majina hayo yangekuwa yamezikwa mara ya pili. Huyu ni mtu aliyejua kwamba kukataza kuombwa kwa walii si kukataza kukumbukwa kwake, na kwamba mtu aweza kumpinga mwenziwe bila ya kumtoa katika dini.

Jina hutangulia moto

Hapo ndipo kaka wa nyumba ile ya Burnt Forest alipopotoka. Angalimwambia ami yake, "Ami, naogopa jambo hili, nieleze unasema nini ukifika pale," angekuwa ametimiza wajibu wa kijana mwenye elimu kwa mzee wake. Badala yake hakuuliza. Alihukumu, kisha akatekeleza hukumu kwa kuuacha msala wa mtu aliyemlea. Na Mtume ametuonya kwamba amwitaye nduguye kafiri, neno hilo halikosi kumrudia mmoja wao.

Ikiwa kuna mji Kenya ambao ungepaswa kuliogopa jambo la kuwapa watu majina, basi ni Burnt Forest. Jina lake la Kiingereza maana yake ni msitu ulioungua, lakini wenyeji hawahitaji kukumbuka msitu. Nyumba ziliungua hapo mwaka 1992, zikaungua tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Majirani walioazimana chumvi walifukuzana kwa mishale na mapanga. Na kabla ya mshale wa kwanza, lilikuwako neno. Katika Bonde la Ufa watu waliotoka kwingine waliitwa madoadoa. Mtu ukikwisha kumwita doa, kumfuta si dhambi tena, ni usafi.

Neno mushrik nalo likitupwa ovyo hufanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 2008, kule Kismayu, si mbali na mpaka wetu, Al-Shabaab walianza kuyabomoa makaburi ya masheikh. Mwaka 2012 watu wenye silaha waliingia Timbuktu, katika nchi ya Mali, wakayabomoa kwa sururu makaburi tisa yaliyojengewa na mlango wa msikiti wa Sidi Yahya. Mmoja wa wakuu wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alihukumiwa mwaka 2016 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kifungo cha miaka tisa, naye mwenyewe alikiri kosa na kuomba radhi. Waashi wa mji walikuwa wamekwisha kuyajenga upya. Lakini katika mambo kama hayo haivunjwi chokaa tu. Aliyeanza kwa kuvunja kaburi la walii, mara nyingi humalizia kwa kuwageukia waliokuwa wakilizuru.

Basi sisi tunaona hivi. Wapenzi wa mawalii wana wajibu wa kuulinda mpaka, na kuulinda kwa sauti, kama Umar alivyofanya mbele ya Jiwe. Anayeongoza ziara asitosheke na ubani na matwari. Awaambie watu, kila mwaka, na hasa mbele ya watoto, kwamba huyu tuliyemjia ni mja wa Mungu, tumekuja kumwombea, na haja zetu tunazielekeza kwa Mola wake na wetu. Likisemwa hilo kila mara, elimu haitapotea, na majina ya mawalii wetu hayatafika yalikofika yale matano ya kaumu ya Nuh. Lisiposemwa, basi wanaoonya ndio watakaokuwa wamesema kweli, na lawama itakuwa yetu.

Na wanaoonya wana wajibu wa kuuliza kabla ya kuhukumu, na kusikiliza ulimi kabla ya kutazama mkono. Swali ni moja tu na ni jepesi: huyu unamwomba, au unamwombea? Jibu litakuonyesha wapi pa kusahihisha na wapi pa kunyamaza.

Na wazee nao wasinyamaze kwa hasira. Mtoto akiuliza kama Habib ni kama Talos, hakutukana. Ametoa alichonacho. Ulimwengu umempa miungu ya tarakimu kwa kuwa ndiyo iliyomfikia kwanza. Nasi tuliokuwa na jambo bora tulimwachia kompyuta tukaenda kusimulia safari kwa wageni.

Usiku ule magharibi ilikuwa inapita, na mzee bado amesimama juu ya msala wake. Mdogo akauliza kwa sauti ndogo, "Ami, hivi Habib pia anahitaji dua?" Mzee akamtazama kama aliyeamshwa. Akasema, "Anahitaji, mwanangu. Sote twahitaji." Kaka mtu hakusema kitu. Hakurudi nyuma ya ami yake, wala hakutoka nje. Mwishowe walinisukuma mbele mimi mgeni, nisiye na elimu ya mmoja wao, wakapanga safu nyuma yangu, ami na watoto wa nduguye bega kwa bega. Si suluhu kamili. Lakini safu ilikuwa moja, na Aliyeelekewa alikuwa mmoja.